Makochi ya Mama Redio

Nilipofungua mlango wa nyumbani kwetu Jumamosi ile asubuhi, nilidhani nimekosea nyumba. Nikarudi nje kidogo nikautazama mlango: rangi ile ile ya kijani iliyobanduka, kitasa kile kile kinachovutwa kwa kamba. Nikaingia tena. Pale palipokuwa na mkeka na viti viwili vya plastiki, palikuwa na makochi matatu ya rangi ya zambarau, yenye vitambaa vyeupe vya kufuma mgongoni. Chini zulia. Ukutani meza ya kioo, na juu yake televisheni pana kuliko dirisha letu. Shangazi yangu alisimama katikati, kavaa lile gauni lake la kwenda harusi za watu.

"Karibu, msomi," akasema. "Umepaonaje?"

"Shangazi, haya makochi ya nani?"

"Ya kwetu. Mpaka saa nane mchana."

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Hata walimu wanajua. Lakini siku ile hasira ilichelewa. Nikakaa kwenye mkono wa kochi, shangazi akaniambia nisikae hapo, panalegea.

Niseme jambo lenyewe mapema, nisije nikaonekana mwehu kwa kutaka kulia mbele ya makochi. Nilikuwa mwaka wa mwisho, nasomea ufundi wa maabara za hospitali. Jumatatu mitihani inaanza, na asiyelipa ada haingii chumba cha mtihani, awe hodari asiwe hodari. Baba ninaye, tena ana kazi ya kuvaa tai, ila mama alipofariki alioa kwingine akanisahau kama mtu anavyosahau mwavuli mahali. Nilipoomba mkopo wa serikali niliambiwa una baba mwajiriwa, nenda kwa baba. Nikampigia baba, akasema yuko kwenye mkutano. Mkutano huo mpaka leo haujaisha. Nimeosha masufuria ya kantini ya chuo, nimewachapia wenzangu kazi zao mpaka vidole vikafa ganzi, nimegonga kila mlango ulioandikwa msaada. Mmoja ulikuwa wa yatima kamili, mimi ni nusu. Mwingine ulitaka mdhamini mwenye nyumba yake mwenyewe.

Mlango uliobaki ulikuwa mfuko wa chuo, wa wanafunzi ambao nyumbani hakuna wa kuwashika mkono. Nilikuwa nimevuka hatua zote isipokuwa ya mwisho: kutembelewa nyumbani. Afisa wa mfuko anakuja mwenyewe, anatazama mnavyoishi, anaandika anachokiona. Maneno hayachukui, maana maneno kila mtu anayo. Mwenzangu mmoja wa bwenini alinyimwa kwa sababu ya pikipiki ya mpangaji mwenzao iliyoegeshwa barazani. Pikipiki tu. Na mimi sasa nina televisheni ya ukumbini.

"Shangazi," nikasema, "nilikueleza kwenye simu au sikukueleza?"

"Ulinieleza."

"Nilisema wanakuja kuona kwamba hatuna."

"Nilielewa, mwanangu. Sijawa kiziwi. Lakini mgeni ni mgeni. Nitamkalisha mtu wa chuo kwenye kiti kilichofungwa waya?"

"Ndiyo! Kiti chenye waya ndicho kinachonilipia ada. Mficha uchi hazai, shangazi, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

"Na anayejivua nguo barabarani anazaa nini?" akaniuliza, akiwa anapangusa meza ya kioo isiyo na vumbi.

Hapo hasira ikawasili. Nikavua viatu nikamwambia tunayatoa, yote, sasa hivi, kabla gari halijafika. Nikashika zulia nikaanza kulikunja. Mlangoni akatokea mwenye mali, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mtaa ulimpa jina la Mama Redio, kwa sababu habari ikimfikia wakati wa chai, wakati wa chakula cha mchana imeshafika sokoni na kurudi ikiwa imenenepa.

"Nimemwazima shangazi yako kwa moyo mweupe," akasema, kashika kiuno. "Sasa wewe unayakurupusha kama mali ya wizi. Shule gani hiyo inayofundisha hivyo?"

"Mama, yananiua makochi yako."

"Hayajawahi kuua mtu. Mume wangu analalia hilo dogo kila nikikasirika."

Sikuwa na muda wa kucheka. Nililiendea lile kubwa, lililowekwa pembeni chini ya dirisha, pale ambapo siku zote hukaa cherehani ya shangazi. "Na cherehani umeipeleka wapi?" nikauliza, huku natafuta mahali pa kushika.

"Chumbani. Imepisha wageni."

Nikainama ninyanyue. Shangazi akaja mbio kwa gauni lake la harusi, akakaa katikati ya lile kochi, akatandaza sketi kama kuku anayeatamia.

"Hayo mengine toa ukitaka," akasema. "Hili haliondoki."

"Kwa nini hili?"

"Kwa sababu nimesema."

Nilimtazama nisimwelewe. Kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa kitambaa, na uso wake ulikuwa umekonda tangu nilipomwona mara ya mwisho, miezi mingi nyuma, maana nauli ya kuja nyumbani nilikuwa naila. Nikataka kumuuliza kidole kina nini. Nje mlango wa gari ukafungwa, paa, kisha wa pili. Mama Redio akachungulia, akasema, "Wameshafika hao," akatoweka kama moshi. Nikalikunjua zulia kwa mguu.

Waliingia wawili. Wa kwanza alikuwa afisa wa mfuko, mama mfupi mwenye viatu vya kutembelea, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Wa pili nilimfahamu, mwalimu mlezi wa wanafunzi, ambaye zaidi ya mara moja alinikuta kantini mikono imo ndani ya sufuria mpaka kwenye kiwiko. Yeye ndiye aliyenitetea jina langu lisikatwe. Aliyatazama makochi, akaitazama televisheni, halafu akanitazama mimi. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Karibuni, karibuni sana, kaeni," shangazi akasema bila kubanduka alipo. "Hapa ndipo tunapojikunja."

Afisa alikaa kwenye kochi, likammeza nusu. "Makochi mazuri," akasema.

"Ahsante," shangazi akajibu.

Jamani, ahsante. Nikauma ulimi. Shangazi akanituma soda, nikazileta, na nilipompa mwalimu ya kwake, sauti ikatoka dirishani: "Ziwekwe mezani, zisiwekwe kwenye mikono ya kochi, doa halitoki hilo." Nyuma ya Mama Redio niliona vichwa vingine vitatu vinne. Uani kwetu mgeni mwenye gari ni sinema ya bure.

"Nani huyo?" afisa akauliza.

"Jirani," shangazi akasema. "Ana mapenzi sana."

Mdomoni nilikuwa na sentensi moja tu: hivi vitu si vyetu. Fupi hivyo. Lakini sikuitoa, na nitasema kwa nini. Mwanamke huyu, siku mama alipozikwa, alinishika mkono akatoka na mimi bila kumuuliza mtu, wakati ndugu wa pande zote wanatazamana nani atanichukua. Amenilea kwa sindano na uzi. Sijawahi kutumwa chumvi kwa jirani, hata siku tulizokula bila chumvi. Nikisema mbele ya dirisha lile kwamba leo ameazima mpaka zulia la kukanyaga, ni sawa na kumvua lile gauni mwilini. Nikajiambia labda afisa ataona mwenyewe. Ndivyo tunavyojifariji sisi waoga.

Afisa alifungua jalada lake magotini. "Mama, huyu ameandika kwamba hana msaada wa kutosha nyumbani. Ada ya mpaka sasa amelipiwa na nani?"

"Mimi," shangazi akasema, kidevu juu. "Hatujawahi kushindwa."

Mwalimu alikohoa. Mimi niliona Jumatatu inanipita hivi hivi, wenzangu wanaingia, mlango unafungwa, nami nimebaki nje na kalamu yangu.

"Kwa kazi gani, mama?"

"Mimi ni mshonaji. Nashonea hapa hapa nyumbani."

"Cherehani iko wapi?"

Shangazi akanyoosha sketi yake. Nikaona nafasi ya kuokoa kitu, angalau kimoja cha kweli, nikarukia. "Iko chumbani. Imehamishwa kupisha wageni. Ni ya zamani, ya kukanyaga kwa mguu, ndiyo inayotulisha."

"Naomba niione."

"Chumba hakijafagiliwa," shangazi akasema haraka.

"Mimi nimezoea, mama. Naandika ninachokiona."

Afisa akainuka, mimi nikatangulia kumfungulia pazia. Chumba chetu ni kimoja, kina kitanda, sanduku la nguo na ndoo. Mkeka wetu na vile viti vya plastiki vilikuwa vimesimamishwa ukutani. Cherehani haikuwepo. Nikainama nikachungulia uvunguni, kana kwamba kitu chenye meza na miguu ya chuma kinaweza kujificha uvunguni. Nilipoinuka afisa alikuwa ananitazama, si kwa ubaya, na hilo likaniumiza zaidi.

"Labda iko kwa fundi," nikasema. Sauti yangu mwenyewe niliisikia ya uongo.

Alirudi sebuleni, akafunga jalada, akamwambia mwalimu, "Nimeona ya kutosha. Bado tuna nyumba nyingine." Mwalimu akasimama taratibu. Soda yake hakuigusa.

"Si vyetu," nikasema.

Ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Dirishani vichwa vikasogea karibu. Nikaendelea, maana maji yakishamwagika hayazoleki. "Makochi si yetu. Zulia si letu. Ile televisheni hata umeme wa kuiwasha hatuna, tumekatiwa. Vimeazimwa leo asubuhi kwa ajili yenu. Sisi tuna mkeka, uko huko chumbani umeuona. Shangazi, nisamehe, lakini nisiposema leo nimekwisha."

Afisa alishusha pumzi ya mtu aliyechoka. "Binti yangu, kila nyumba naambiwa hivyo. Wiki hii mtu ameniambia gari lililo mlangoni kwake halijui. Na sasa hivi umenionyesha cherehani ambayo haipo." Akamgeukia shangazi. "Mama, anayosema ni kweli?"

Nilimtazama shangazi. Alikuwa amekaa vile vile, mikono juu ya mapaja, anatazama dirisha lenye vichwa. Nikafikiri: atakataa. Atasema mtoto huyu ana utani. Atalinda jina lake na mimi nitarudi chuoni kubeba godoro langu, na tutaishi humu ndani wawili na aibu yetu iliyofunikwa vizuri. Nilimpenda na nilimkasirikia kwa wakati mmoja, sijui kama wengine wanaliweza hilo.

Shangazi akasimama. Tangu wageni waingie hakuwa amesimama.

"Mwalimu," akasema, "nishikie upande huo."

Mwalimu hakuelewa, ila alishika. Mimi nikashika upande wa pili. Lile kochi kubwa tukalivuta mpaka katikati ya chumba, likakunja zulia likaja nalo. Pale pembeni sakafu ya saruji ilikuwa na mashimo manne yaliyochimbika kidogo kidogo kwa miaka, ya miguu minne ya chuma. Katikati yake doa jeusi la mafuta. Ukutani, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, pamepauka mahali alipokuwa anaegemeza kisogo akichoka. Pini mbili tatu zilimeta kwenye ufa, na nyuzi za rangi rangi ambazo ufagio haukuzifikia.

"Hapa ndipo ilipokaa," shangazi akasema. "Niliiuza. Ada ya muhula uliopita ndiyo hiyo."

Nilikumbuka ile pesa. Iliingia kwenye simu nikiwa kantini, na ujumbe wake: Mungu amefungua, mteja mkubwa amelipa. Nilicheza siku ile. Nilicheza na sufuria mkononi.

"Sasa unafanya kazi gani, mama?" afisa akauliza, polepole.

Shangazi akanyoosha kidole gumba chenye kitambaa. "Natia vifungo. Napinda pindo kwa mkono. Wananiletea." Kisha akaonyesha chumba chote kwa kiganja kimoja. "Makochi ni ya jirani. Zulia lake, televisheni yake. Soda ni zangu, kwa hiyo kunyweni." Akamgeukia afisa, huku akininyooshea kidevu mimi. "Wewe mama ulikuja kwa saa moja tu. Ungeuona mkeka, ungeandika, ungeondoka. Sikuwa nakuficha wewe. Huyu ndiye anayeijua nyumba hii. Angeingia tu, angetazama pembeni hapo, angeona cherehani haipo."

Nililia. Wala sikulia kwa adabu, nililia kwa kamasi, mbele ya mwalimu na mbele ya dirisha. Mashimo manne tu ya saruji, na mimi nilikuwa nimekuja na hasira zangu kumfundisha kusema kweli.

Afisa alivaa miwani kwa mara ya kwanza. Akachuchumaa, akaweka kidole kwenye shimo moja, akaangalia kina chake.

"Ungeniacha niondoke, mama?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nilikuwa naomba Mungu usione," shangazi akasema, "na naomba Mungu uone. Sijui alisikia lipi."

Afisa akaandika amesimama, kalamu inakwaruza. Mwalimu akaichukua soda yake akainywa yote kwa mkupuo, nadhani ili asionekane uso. Alipomaliza kuandika, afisa alisema kamati inamsubiri mchana ule ule, na kamati haijawahi kukataa alichokiona kwa macho yake. Akaniambia nipite ofisini kwake Jumatatu kabla ya mtihani nichukue kibali. "Ila mfuko unalipa ada peke yake," akamwambia shangazi. "Haununui cherehani."

"Sikuomba cherehani," shangazi akasema. "Karibu tena. Siku nyingine utakaa kwenye mkeka."

Gari lilipoondoka, tulirudisha makochi. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari ndefu kuliko zote, kutoka mlango wetu mpaka wa Mama Redio, mlango wa jirani tu, lakini ua mzima umetoka kusimama. Nilimwambia shangazi abaki ndani, mimi na vijana wa mtaa tutabeba. Akakataa. Alishika upande wake, kavaa gauni la harusi, akapita nalo mbele ya macho yote. Mmoja wa wanawake waliokuwa wanaanua nguo akasema kwa sauti ya kusikika, "Nguo ya kuazima haisitiri matako."

Nikatua kochi. Nilikuwa tayari kumrudia, nanyi mnanijua sasa. Lakini Mama Redio alinitangulia.

"Nani ameazima?" akasema. "Mimi nilikuwa napiga deki, nikaomba aniwekee vyombo vyangu. Wewe ukipiga deki kochi unalitundika kwenye kamba?" Na akasimama pale mpaka yule mwanamke akaingia ndani na beseni lake. Habari ya siku ile haikufika sokoni, si wakati wa chakula cha mchana, si wiki iliyofuata. Niliulizia.

Mchana tulitandika mkeka pale pale pembeni, kati ya yale mashimo. Shangazi alivua gauni la harusi akalikunja, akajifunga khanga, akaleta shati la mtu lisilo na vifungo. Mimi nilifungua daftari nisome. Sikusoma hata mstari.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningekuambia, ungefanyaje?"

"Ningeacha chuo nirudi nyumbani. Nitafute kazi."

"Basi," akasema.

Akanipa sindano na kipande cha uzi mweupe. "Nitungie. Macho yangu siku hizi hayaoni tundu."

Nikatunga, nikampa, akaanza kutia kifungo cha kwanza.